Alama Thelathini Hadi Tisini

Jumatatu, 11 Novemba 1974

Leo amekuja Bwana Martini, afisa wa kisomo kutoka wilayani. Kaja na Landrova. Kakagua ghala letu la Kasingirima, hapa kando ya ziwa, lililokuwa la mawese na bado linanuka mawese, ambamo sasa watu wazima wanafundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Ghala moja, madarasa mawili. A ni langu. B ni la Mwalimu Kalisti. Katikati kuna ukuta wa matofali ya udongo usiofika kwenye bati. Kalisti akipiga chafya, wanafunzi wangu wanamwambia afya.

Habari yenyewe ni hii. Kata inapata mratibu mmoja wa kusimamia madarasa yote ya kisomo. Cheo, na baiskeli ya Foniksi juu yake. Mtihani ni tarehe 28. Kati yangu na Kalisti, yule ambaye wastani wa darasa lake utakuwa juu ndiye mratibu.

Kazi hii naitaka tangu niliposhuka kutoka kwetu Kalinzi, milimani, mwezi wa tatu. Nina miaka thelathini na nne. Kalisti ana ishirini na sita, kaunda suti ya kijivu na kalamu mbili mfukoni. Moja haina wino, nimechunguza. Simwonei wivu. Nasema tu kwamba kuvaa viatu vya kung'aa mbele ya wavuvi ni kuwadharau wananchi. Mimi navaa katambuga za tairi.

Bwana Martini akaeleza utaratibu. Mtu mzima hapewi sifuri, atavunjika moyo akimbie. Wala hapewi mia, atadhani amemaliza kusoma asirudi. Kwa hiyo katika kila darasa wa mwisho atapata 30, wa kwanza atapata 90, na wengine watapangwa katikati kwa hesabu. Akaiandika ubaoni. Chukua alama za mtu, toa alama za yule wa mwisho. Zidisha kwa 60. Gawa kwa tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho. Ongeza 30.

Kalisti alitikisa kichwa kukubali kama vile kaitunga yeye. Nami nikatikisa. Sikuelewa kitu.


Jumanne, 12 Novemba

Jaribio la darasa, alama hamsini. Rozalia mke wangu amepata 48. Anayemfuata amepata 26. Wa mwisho 18, na wengine wote wamebanana hapo katikati kama watu kwenye foleni ya sukari.

Rozalia alisoma misheni mpaka darasa la tatu, kisha baba yake akamtoa akaanike dagaa. Hata sasa anaanika, anauza soko la Mwanga. Yuko darasani kwangu kwa sababu ni mke wangu, na kwa sababu darasa la Kalisti lina Kalisti.

Alipokwenda sokoni nikakaa na karatasi ya kufungia sukari, nikaijaribu hesabu ya Bwana Martini. Tuchukue mtu wa 24. Toa 18, zinabaki 6. Tofauti ya 48 na 18 ni 30. Sitini kwa thelathini, kila alama moja inakuwa mbili. Sita mara mbili ni kumi na mbili, ongeza 30, jumla 42. Mtu kajitahidi mwaka mzima anapata 42.

Nikamtoa Rozalia, kwenye karatasi tu. Wa kwanza sasa ni wa 26. Tofauti ni 8. Kila alama inakuwa saba na nusu. Yule yule wa 24 anapata 75.

Nilirudia mara tatu. Ni kweli. Mke wangu kakaa juu kule peke yake na kuwakandamiza wenzake wote.

Halafu nikafikiri zaidi, na hapa ndipo akili yangu inapotofautiana na za watu. Je, nikipata mtu wa chini sana? Tuseme wa alama 2. Tofauti inakuwa 24, kila alama mbili na nusu. Wa 24 anapanda mpaka 85. Hata wa 20 anapata 75. Kumbe darasa zuri halihitaji mwenye akili. Linahitaji mjinga mmoja wa kuaminika.

Na ninamjua alipo. Yuko B. Mzee Feliksi, mvuvi, jana kapata 2 katika jaribio la Kalisti. Analala tangu kuitwa majina mpaka kengele. Mkoromo wake unavuka ukuta, wanafunzi wangu wanajua kwa huo kwamba kahudhuria.


Jumatano, 13 Novemba

Nimemwendea Kalisti kwa unyenyekevu. Nikamwambia haipendezi mume kumfundisha mkewe, watu wanaona napendelea. Nikamwomba ampokee Rozalia. Na ili idadi isiharibike, mimi nitamchukua Mzee Feliksi, maana ni jirani yangu, na kubebeana mizigo ndiyo siasa yetu ya leo.

 Kalisti akasema Mzee Feliksi ni hazina, ananiachia kwa shingo upande.

Hazina. Mtu wa mbili kwa hamsini. Nikajua ananicheka.

Kisha akayaita madarasa yote mawili nje, akanisifu mbele ya watu. Kasema mwalimu anayemtoa mke wake ili haki itendeke ni mfano kwa kata nzima. Watu wakapiga makofi. Akanipa mkono. Mkono wenyewe laini, anapaka mafuta.


Alhamisi, 14 Novemba

Nimemwambia Rozalia. Alikuwa anageuza dagaa kwenye mkeka. Akauliza kama kuna kosa amefanya. Nikasema hakuna. Akauliza basi kuna nini. Nikasema, kwa kweli, amezidi.

Alicheka kidogo, kicheko cha puani. Akasema baba yake alimtoa shule kwa sababu dagaa walizidi, sasa mumewe anamtoa kwa sababu alama zimezidi. Nikamwambia simtoi, namhamisha tu, ni ukuta mmoja.  Alifunga daftari na penseli ndani ya kanga akaingia ndani.

Jioni kapika vizuri kabisa wala hakununa, na hapo ndipo nilipojua kwamba ameumia. Roho iliniuma kidogo. Lakini baiskeli ikija atapanda nyuma, twende Mwanga watu wakituona. Atasahau.


Jumamosi, 16 Novemba

Mzee Feliksi ni mtu wa ajabu. Anaingia, anaamkiwa na kila mtu, anakaa, analala. Nilimwuliza tatu na nne ni ngapi, akajibu kwa kukoroma. Sijawahi kuwa na mwanafunzi anayenipa matumaini kiasi hiki.

Upande wa pili wa ukuta wanacheka. Kalisti anafundisha kugawanya na watu wanacheka. Nikamsikia Rozalia. Tumeoana tangu baada ya Pasaka, na sijamsikia akicheka namna ile. Nikahesabu. Mara kumi na moja katika kipindi kimoja. Niliacha kuandika neno ubaoni katikati, wanafunzi wangu wakalinakili hivyo hivyo, nusu.

Nyumbani nikamwuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, nini kilichokuwa kinachekesha. Akasema kugawanya. Nikamwuliza kugawanya kunachekesha vipi. Akasema Mwalimu Kalisti anagawanya samaki, migebuka, kwa wavuvi wachoyo. Akaanza kunieleza, akacheka tena, akashindwa kumaliza.

Mimi huwa nagawanya maembe. Hakuna aliyewahi kucheka.


Jumanne, 19 Novemba

Shangazi Yuliana ameshuka kutoka Kalinzi na mkungu wa ndizi na kibaba cha maharage. Atakaa mpaka Krismasi. Kaja kuona kama Rozalia ana habari njema yoyote. Hana. Shangazi kanitazama mimi.

Lakini Mungu hamwachi mja wake. Shangazi ndiye mwanamke mwenye macho makali kuliko wote milimani. Kule kwetu akikaa kizingitini anajua mbuzi wa nani kala majani ya kahawa ya nani. Nikamwambia aingie B kama mwanafunzi. Akae tu, atazame, kisha aje aniambie macho ya mwalimu yanaelekea wapi.

Akasema hajashika penseli maishani mwake, ana miaka sitini na kitu. Nikamwambia penseli haihitajiki, macho tu. Akasema hiyo kazi anaiweza.

Kalisti alimpokea kwa mikono miwili. Alimwamkia shikamoo mara mbili, akamtafutia benchi lisilotikisika, akaandika jina lake kwenye daftari la mahudhurio. Vizuri. Hajui kaandika jina la mpelelezi.


Ijumaa, 22 Novemba

Ripoti ya Shangazi. Kwanza, mwalimu ana adabu. Pili, mwalimu hana mke, na Shangazi anaona ni hasara kwa wasichana wa Kalinzi. Tatu, mwalimu alimshika mkono akamwongoza kuandika herufi ya kwanza ya jina lake. Sasa anaiandika kila mahali kwa mkaa. Ukuta wangu wa nje umejaa Y. Anasema ameishi umri wote huo na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwambia kwamba anaanza na hiyo.

Nikamwambia sikumtuma kuandika. Macho ya mwalimu je?

Akasema macho ya mwalimu yako kwenye chaki. Na macho ya Rozalia yako ubaoni. Akishatoka darasani anawakusanya wanawake wote wa B ufukweni, pale wanapoanikia dagaa, anawafundisha upya kwa kuandika mchangani. Mpaka Agnesi muuza mihogo, aliyekuwa hajui sita na tisa zinatofautianaje, sasa anawatoza watu sawasawa.

Nikamwambia hiyo si habari. Mke akifundisha mchangani anapoteza muda wake, shauri yake. Nataka habari za macho.

Shangazi akaniuliza kama nina homa.


Jumatatu, 25 Novemba

Balaa. Mzee Feliksi hajaja tangu Ijumaa. Asipofanya mtihani, wa mwisho wangu anarudi kuwa wa 18 na mahesabu yote yameharibika. Sikuweza kula. Hata hivyo chakula chenyewe kilikuwa maharage, siku ya nne mfululizo. Rozalia hana dagaa wa kuanika wala wa kuuza, anashinda ndani anasoma. Sikumwuliza kwa nini. Mambo ya samaki siyaingilii, mimi mtu wa kahawa.

Nilikwenda kwa Mzee Feliksi asubuhi. Mkewe akasema amelala. Nikaenda mchana, amelala. Nikaenda jioni nikamkuta anashona nyavu, ana uso wa mtu aliyetoka kuoga. Sikulitilia maanani. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamsihi aje Alhamisi. Nikamwambia darasa zima linamtegemea yeye. Na sikusema uongo.

Mzee akaacha sindano. Akasema tangu azaliwe hakuna mwalimu aliyewahi kwenda kwake kumwomba aje shule. Machozi yalimlenga. Aliniahidi atakuja na hataniaibisha.

Nikarudi nyumbani napiga mluzi.


Alhamisi, 28 Novemba

Mtihani umekwisha.

Saa tisa alasiri watu wameketi, Bwana Martini yuko mlangoni na saa yake. Mzee Feliksi anaingia. Shati safi. Kanyoa ndevu. Macho meupe kabisa. Akaniamkia kwa sauti ya mtu aliye macho. Nikamwuliza kwa unyonge kama hakwenda ziwani.

Akanishangaa. Akasema mbalamwezi ikiwaka namna hii dagaa hawafuati taa ya karabai, mitumbwi yote iko mchangani, wavuvi wanalala usiku kama watu wengine. Yeye kalala tangu Jumamosi. Kila mwezi ni hivyo. Wakati wa giza anavua usiku na kuja darasani kupumzika, kwa kuiheshimu serikali. Wakati wa mbalamwezi ndipo anaposoma. Akishatosheka na usingizi.

Kila mtu Kasingirima anajua hilo. Kalisti anajua. Rozalia, ambaye maisha yake yote ni dagaa, angeniambia kwa neno moja kama ningemwuliza kwa nini tunakula maharage.

Nilijaribu kuokoa kinachookoleka. Nikamhamishia Mzee kwenye kiti changu chenye egemeo. Nikamfungulia dirisha upepo wa ziwa umpige. Nikamnong'oneza kwamba mtihani hauna haraka, afumbe macho kidogo kwanza. Akanishukuru kwa kumjali. Akaandika, akanyanyua kichwa, akaandika tena. Mtu aliyegawanya mapato ya wavuvi sita kila alfajiri kwa miaka thelathini, utamtisha na kumi na mbili gawa kwa tatu?

Nikachungulia upande wa B. Walioandikwa kwenye daftari la mahudhurio wote wanafanya mtihani, ndiyo amri ya Bwana Martini. Shangazi Yuliana kainama kwenye karatasi, ulimi nje, anaandika.

Sikuona ubaya wowote. Nilidhani mzee wa watu anajifurahisha.


Ijumaa, 29 Novemba

Tumesahihisha mbele ya Bwana Martini. Kwa kubadilishana, mimi karatasi za B, Kalisti karatasi za A.

Nikaanza na Rozalia, 48. Nikafungua ya Agnesi muuza mihogo. Arobaini na nne. Ya pili, 46. Ya tatu, 42. Karatasi zote ni hivyo, za wanawake wa ufukweni, na mwandiko wao wote unafanana na mwandiko wa mke wangu.  Nikajifariji. Hesabu haidanganyi, nikasema moyoni. Wa kwanza 48, wa mwisho 42, tofauti 6 tu. Wa 44 atapata 50. Hata nikishindwa, si kwa aibu.

Kisha nikafika karatasi ya mwisho. Y. Y. Y. Kwenye maswali ya kuweka vema au mkasi kaweka vema kila mahali, nane zikaangukia mahali pake. Nane kwa hamsini.

 Wa mwisho wa B ni 8. Tofauti ni 40. Kila alama ni moja na nusu. Wa 44 anapata 84. Wa 42 anapata 81. Kalisti alikuwa amepoteza mjinga wake mimi nikampelekea mwingine, tena wa ukoo wangu, kwa miguu yake, na mkungu wa ndizi nikala.

Nikaanza kumtafutia Shangazi alama. Nikampa tano za usafi. Nikampa kumi za Y, maana zimesimama wima. Nikampa sita kwa umri. Bwana Martini akapita nyuma yangu, akatazama, akaniwekea mkono begani. Akasema hajapata kuona mwalimu anayelipendelea darasa la mwenzake namna hii, huu ndio moyo unaotakiwa. Halafu akachukua kalamu akazifuta zote. Nane ikabaki nane.

Kalisti naye akamaliza za kwangu. Mzee Feliksi, 50. Hamsini kwa hamsini. Anayemfuata 28. Wa mwisho 20.

Tofauti ni thelathini. Kila alama ni mbili. Wa 24 anapata 38.

Kalisti aliniegemea akauliza kwa upole nilijuaje kwamba Mzee ni hodari. Alidhani siri hiyo anaijua peke yake.


Jumamosi, 30 Novemba

Matokeo yamesomwa mbele ya watu wote. B wastani 80. A wastani 39. Mratibu wa kata ni Mwalimu Kalisti. Baiskeli imo ndani ya Landrova, bado ina makaratasi kwenye fremu. Aliposhukuru alisema kazi kubwa haikuwa yake, ilikuwa ya Rozalia kule ufukweni. Bwana Martini akauliza Rozalia ni yupi. Akasimama. Akaulizwa kama atakubali kuishika B, maana sasa haina mwalimu. Akasema atakubali. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka bati likaitika. Shangazi alipiga kuliko wote.

Nami nilipiga makofi. 

Tulirudi nyumbani. Rozalia akakaa kwenye mkeka na daftari lake, akaandika kwa muda, kisha akanipa nitazame. Alikuwa ameandika hesabu ya Bwana Martini, ile ya ubaoni. Ameweka alama za jaribio letu la tarehe 12, mtu wa 24, Rozalia akiwamo. Jibu 42. Chini yake, mtu yule yule, Rozalia akiwa ametolewa. Jibu 75.

Akaniuliza kama amekosea.

Nikatazama mstari kwa mstari. Nilitaka sana kuona kosa. Nikamwambia iko sahihi.

Akasema siku ile nilipomwambia amezidi alidhani ni kisingizio, labda nimemhamisha kwa kuwa namwona mshamba, au kwa kuwa sioni raha kukaa naye mchana. Aliumia, lakini alielewa. Kumbe alikuwa mtu wa kutolewa ili wengine wapande. Hakupaza sauti. Alichukua penseli yake akaitia kwenye kanga.

Nilitaka kumwambia kwamba baiskeli angepanda nyuma. Niliona aibu. Naiandika hapa kwa sababu pengine sina pa kuiandika. Niliona aibu sana, na nikamwonea wivu kwa jinsi alivyopanga hesabu yake, mistari imenyooka, bila kufuta hata mara moja.


Jumanne, 3 Desemba

Rozalia ameanza kufundisha. Upande wa pili wa ukuta, saa tisa kamili. Sauti yake inavuka juu ya matofali na wanafunzi wangu wanageuza shingo kuisikiliza. Leo kagawanya dagaa. Mzee Feliksi akacheka peke yake darasani kwangu, kwa mzaha wa darasa lingine. Anaomba kuhamia B. Nusu ya A wanaomba kuhamia B. Nimewaambia fomu hazijafika.

Jioni alikuwa anasahihisha madaftari. Anasahihisha haraka kuliko mimi. Nikakaa karibu naye, si karibu sana. Nikamwambia, kama utani, yeye sasa ni mwalimu, basi mume wake anampa ngapi kwa hamsini.

Nilitegemea acheke. Aliweka penseli chini, akanitazama, akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nilimwona akihesabu, hili linaongeza, lile linapunguza. Kisha akasema kumi na moja.

Nikauliza kama hakusahau kwamba sinywi pombe. Akasema hakusahau. Bila hiyo ingekuwa sita. Akarudi kwenye madaftari yake.

Kumi na moja kwa hamsini. Iliniingia kama mwiba. Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara mbili. Nikafikiri kumwomba radhi. Nilikwisha kufika mlangoni, maneno ninayo mdomoni. Ndipo akili ikanijia.

Alama kumi na moja ni alama ghafi. Haziwezi kusomwa hivyo hivyo, utaratibu haukubali. Mtu mzima apangwe katika darasa lake. Sasa, darasa langu la waume ni lipi? Yuko Leonardi wa nyumba ya tatu, aliyekimbilia Uvira, ng'ambo ya ziwa, na redio ya mkewe pamoja na mashine ya kushonea. Huyo hata hakimu mwenye huruma hampi zaidi ya moja. Huyo ndiye wa mwisho. Kalisti hajaoa, hafanyi mtihani. Mzee Feliksi ana mke mmoja tangu enzi za Waingereza na bado wanaoga ziwani pamoja, simwingizi, ataharibu. Nimebaki mimi, wa kwanza.

Kumi na moja, toa moja, zinabaki kumi. Zidisha sitini, mia sita. Gawa kwa tofauti, kumi, ni sitini. Ongeza thelathini.

Tisini. Na hapo sijaanza hata kujitahidi.